Maafa yakifika nyumbani, usitume zote wiki ya kwanza

Watu wa Hallunda walioshika simu asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, walikuta habari imeshawatangulia. Alfajiri ya siku hiyo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka ikateremka na maji, tope, mawe na magogo mpaka kwenye mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, na vijiji vya karibu kama Gendabi. Wengi walikuwa bado wamelala. Waliokufa walipita 80. Rais Samia, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28, alikatisha safari akarudi nyumbani.

Kesho yake, Jumatatu saa tisa alasiri, king'ora kililia hapa. Ukikaa Sweden muda unakijua: kila Jumatatu ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba wanajaribu ving'ora vya tahadhari, na watu wanaendelea kubeba mifuko yao ya manunuzi kama hawajasikia kitu. Katesh hakukuwa na cha kulia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilishatahadharisha tangu Agosti kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, lakini tahadhari ya msimu mzima haimwamshi mtu saa kumi na moja alfajiri.

Kinachofuata baada ya habari kama hii, kila aliye ughaibuni anakijua. Kikundi cha WhatsApp kinawaka moto. Picha zinakuja, nyingine za kweli, nyingine za mafuriko ya nchi nyingine kabisa. Mtu anaweka namba yake ya Swish, anaandika "tuchangie jamani". Halafu simu yako binafsi inaita: shangazi, binamu, jirani wa zamani, mtoto wa jirani. Na wewe umetoka kusafisha nyumba nne kwa siku moja, au umeshuka kwenye jukwaa la mjengo mikono imekufa ganzi, na akili inakuambia kitu kimoja tu: tuma.

Tuma, sawa. Hakuna anayekuambia usitume. Tunachotaka kuzungumza leo ni lini na kiasi gani, kwa sababu Hanang ilituonyesha kitu ambacho hatukioni tukiwa na machozi. Mahitaji ya pesa ya familia iliyopoteza nyumba hayaishi wiki ya kwanza. Kwa familia nyingi hayajaanza hata.

Na Hanang si peke yake. Mei 2023, mito ya Kalehe, Kivu Kusini, ilizoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Wakongo wenzetu walilia msiba ule miezi saba kabla ya ule wa Katesh. Aprili 29, 2024 ikawa zamu ya Mai Mahiu, Kenya, usiku wa manane. Siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikapiga Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania. Anayefanya kazi Norsborg, Muscat au Doha, mvua za kwao ni bajeti yake pia.

Mwaka mmoja kati ya blanketi na nyumba

Turudi Katesh, tuhesabu siku.

Wiki ya kwanza, msaada ulikuja kwa wingi. Jeshi lilifika, Msalaba Mwekundu walifika, makanisa, misikiti, kampuni na mikoa mingine walileta unga, mchele, mablanketi, magodoro, nguo. Waliopoteza nyumba walipokelewa kwenye kambi za muda, nyingi zikiwa mashuleni. Serikali ilitangaza kuwa itagharamia mazishi na matibabu ya majeruhi. Huo ndio wakati dunia nzima ilikuwa inaangalia, na ndio wakati sisi nasi tulikuwa tunatuma.

Januari shule zinafunguliwa. Madarasa yanahitajika kwa wanafunzi, kwa hiyo kambi ya shuleni ina mwisho unaojulikana hata kabla haijaanza. Kamera zimeshaondoka. Unga wa msaada unapungua. Hapo ndipo familia inahitaji chumba cha kupanga, sare za shule, jembe, mbegu, mtaji wa genge lililozolewa. Na hapo ndipo sisi wa huku tumeshakauka, tumemaliza akiba na mwezi haujaisha.

Nyumba za kudumu walizojengewa waathirika wa Hanang zilikuwa zaidi ya 100, zilijengwa eneo la Waret, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizikabidhi Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: tangu tope mpaka funguo, mwaka mmoja. Kwa kazi ya serikali ya kujenga mji mdogo mzima hiyo si kasi ya kuidharau, na nchi nyingi hazijafika hata hapo. Lakini ni miezi 12 ambayo mtu anakula, anapanga na kusomesha bila nyumba na pengine bila shamba, maana shamba nalo limefunikwa na tope.

Sasa chukua mfano. Dada anafanya usafi wa RUT, ana akiba ya krona 12,000. Tuseme krona moja ni shilingi 240 za Tanzania (bei hubadilika, angalia siku yako). Akituma zote Jumatatu ya kwanza, ni shilingi 2,880,000 zinaingia kwenye mikono ya watu walio kambini, wenye chakula cha msaada, wasio na sanduku la kufungia wala mlango wa kufunga, na wamezungukwa na ndugu wengine wenye shida ileile. Pesa hiyo itaisha. Haitaisha kwa ujinga, itaisha kwa sababu mtu aliyeona jirani yake anachimbuliwa kwenye tope hawezi kumwambia ndugu "sina" huku anayo.

Mimi ningemwambia hivi: dada, wiki ya kwanza tuma krona 2,000. Hizo ni shilingi 480,000, zinatosha nauli za kuhangaika hospitalini, simu mpya ya bei ndogo, dawa, nguo za ndani, vitu ambavyo gari la msaada halileti. Krona 3,000 ziweke kwa ajili ya Januari. Kama vyumba viwili Babati ni shilingi 60,000 kwa mwezi, hizo shilingi 720,000 ni kodi ya mwaka mzima, na unajua wenye nyumba wetu: wanataka miezi sita kwa mkupuo. Usichelewe sana kwenye hili, kwa sababu maafa yakitokea kila mtu anatafuta chumba na kodi inapanda. Zinazobaki, krona 7,000, usiziguse mpaka ijulikane familia itakaa wapi moja kwa moja.

Hili la mwisho ndilo gumu. Mzee atapiga simu Februari: "Mwanangu, tumeshasafisha kiwanja, tuma ya saruji." Na wewe moyo unakuuma. Lakini nyumba za serikali zilijengwa sehemu nyingine, mbali na njia ya tope. Anayekimbilia kusimamisha ukuta palepale anaweza kumwaga pesa kwenye eneo ambalo mwishowe ataambiwa ahame, au ambalo mlima utaliendea tena. Mwambie mzee kwa heshima: shikamoo baba, hela ipo, naiweka mpaka halmashauri iseme eneo gani linajengeka. Mtaje kiasi. Mzee akijua kuna kiasi fulani kinamsubiri, hakopi kwa watu.

Na wewe huku usikope. Ile mikopo ya haraka ya kwenye simu, inayotoa pesa dakika kumi baada ya kugusa BankID, inakuja na riba ya kukausha. Ukishindwa kulipa na deni likafika Kronofogden, alama mbaya ya malipo inakaa miaka mitatu kwenye rekodi yako, na kwa miaka hiyo kupata mkataba wa nyumba au hata laini ya simu ya mkataba ni shida. Kuna mtu atakayelala kwenye godoro la mwenzake Alby kwa miaka mitatu kwa sababu ya krona 15,000 alizotuma kwa siku moja.

Laini iko kwenye tope

Kuna jambo dogo ambalo watu hawalifikirii mpaka siku yenyewe. Unamtumia mama M-Pesa kwa namba ileile ya miaka yote. Muamala unapita, unapata ujumbe wa kuthibitisha. Lakini simu ya mama iko chini ya mita mbili za tope.

Pesa haijapotea, imo kwenye akaunti yake. Ila kuirudisha laini Tanzania kunahitaji namba ya NIDA na alama za vidole, na kitambulisho chenyewe kimekwenda na maji. Kama namba ya NIDA haikuandikwa popote, mama ataanza safari ya kwenda kwenye ofisi ya wilaya wakati ambapo ofisi yenyewe imezidiwa. Na hata akipata laini, wakala wa karibu anaweza kuwa hana floti: watu mia wanatoa, hakuna anayeweka. Wengine kibanda chenyewe hakipo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usitume kwenye eneo la maafa. Tuma kwa ndugu aliye mji wa jirani, ambako benki na mawakala wanafanya kazi. Kwa Katesh, huyo ni mtu wa Babati au Singida, kwenye barabara hiyohiyo. Anatoa, ananunua kinachohitajika, anakwenda nacho njia ikifunguka. Chagua mtu huyo leo, kabla ya mvua, na yeye ajue kuwa amechaguliwa.

Na leo hiihii, jioni ukitoka kazini, piga simu nyumbani uombe picha: kitambulisho cha NIDA cha kila mtu mzima, kadi za bima ya afya, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati au karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa serikali ya kijiji, na picha za nyumba kutoka pande zote nne, ndani na nje. Zihifadhi kwenye simu yako na kwenye barua pepe. Hallunda hakuna mlima wa kukushukia. Wewe ndiye kabati la familia.

Picha hizo zina kazi nyingine. Baada ya maafa, msaada wa kujijenga upya unapita kwenye orodha. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji, kata, wilaya mpaka mkoa, na kazi ya kuandika nani amepoteza nini inaanzia huko chini, kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Siku za mwanzo watu wamechanganyikiwa, wako hospitalini au wanatafuta maiti, na orodha inaandikwa. Ambaye hayupo anaweza kurukwa. Sisi tuna tatizo la ziada: nyumba umejenga wewe, anakaa mama na mdogo wako, na mwenyekiti mpya hajawahi kukuona. Hakikisha mtu mmoja wa familia anafika kwa mtendaji, anaona jina kwa macho yake, na linaandikwa kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho. Jina la utani la mtaani halitalingana na chochote wakati wa kukabidhiwa funguo. Kama nyumba ina wapangaji, nao waandikwe kama wapangaji, wewe kama mwenye nyumba. Msipoelewana mapema hapo, mtagombana baadaye.

Mchango wa Hallunda

Tuje kwetu. Hallunda ni kituo cha pili kutoka mwisho wa laini nyekundu, manispaa ya Botkyrka, maghorofa ya miaka ya 1970, na ukisimama dukani foleni moja unaweza kusikia Kiswahili cha Tanga, cha Nairobi na cha Bukavu. Watu wa hapa wanachanga haraka. Mimi sijaona mji wa Sweden unaochanga haraka hivi kwa watu wa kipato hiki. Shida iko kwenye namna ya kukusanya.

Mara nyingi mtu mmoja mwenye moyo mzuri anaweka Swish yake binafsi. Watu 40 wanatuma ndani ya siku mbili, kila mtu krona 300 au 500, na tayari ana krona 15,000 zisizo zake. Benki za Sweden zinatakiwa na sheria kujua pesa ya mteja inatoka wapi na inakwenda wapi. Akaunti ya msafishaji ambayo kwa kawaida inapokea mshahara mara moja kwa mwezi, ghafla inapokea miamala 40 na kuzituma zote Afrika, itaulizwa maswali. Usipojibu vizuri wanaweza kukufungia huduma. Na kama mtu huyo anapokea msaada wa kijamii wa manispaa, ni hatari zaidi: wanaangalia taarifa ya benki, na pesa iliyoingia inaweza kuhesabiwa kuwa kipato chake. Nimeshuhudia kikundi kimoja ambapo mchangishaji alipunguziwa msaada wa mwezi mzima kwa pesa ambayo hakula hata krona moja, ikabidi achangiwe yeye.

Njia ya kawaida ya huku ni kuunda chama. Mnakuwa na katiba fupi, bodi, kumbukumbu ya mkutano wa kwanza, mnaomba namba ya taasisi Skatteverket, kisha mnafungua akaunti ya benki na Swish ya chama. Inachukua muda, na benki nyingine zinasumbua vyama vidogo, kwa hiyo siyo kazi ya wiki ya msiba. Ni kazi ya mwezi ambao hakuna lililotokea. Mkiwa na mchezo au upatu tayari, mmeshafika nusu ya njia: mna orodha, mna mweka hazina, mnaaminiana. Kilichobaki ni karatasi.

Kama hamna chama na maafa yametokea leo, basi mchangishaji awe mwenye mshahara wa kueleweka, ahifadhi orodha ya kila aliyetuma, na aiandikie benki mapema kuwa anakusanya mchango wa nini, kabla haijamuuliza.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nisimpe tu shirika kubwa? Unaweza, na kwa mambo ya kambi, maji na vyoo wao wanafanya vizuri kuliko sisi. Angalia tu kama namba ya akaunti au ya Swish ya shirika hilo ni ya 90. Akaunti hizo zinasimamiwa na Svensk Insamlingskontroll, na sharti mojawapo ni kuwa angalau asilimia 75 ya mapato iende kwenye lengo lenyewe. Namba ya simu ya mtu inayosambaa WhatsApp na picha ya mtoto kwenye tope haina msimamizi yeyote. Matapeli wanafanya kazi haraka kuliko kamati zetu. Ukiona namba, mpigie mtu unayemjua kwa sauti, muulize ni ya nani.

Halafu gharama ya kutuma. Kusini mwa Sahara ndiko kunakoongoza duniani kwa ughali wa kutumiwa pesa: Benki ya Dunia imekuwa ikitaja wastani wa karibu asilimia 8, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Watu wanaangalia ada tu, "huyu bure, huyu krona 29". Angalia anachopokea mama. Tuseme mmekusanya krona 10,000. Kampuni moja inakupa shilingi 240 kwa krona, inatoza krona 30. Nyingine "haina ada" lakini inakupa shilingi 230. Ya kwanza inafikisha shilingi 2,392,800. Ya "bure" inafikisha 2,300,000. Hapo zimeondoka shilingi 92,800, pesa ya mabati kadhaa, na hakuna aliyeona zikiondoka. Kukusanya na kutuma kwa mkupuo mmoja pia kunaokoa: watu 20 wakituma kila mmoja kivyake kwa ada ya krona 30, ni krona 600 zimebaki kwa msafirishaji.

Na ukisikia fulani anasafiri kesho, atabeba taslimu, kumbuka kuwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima uzitangaze forodhani. Chini ya hapo ni halali, ila ikiibiwa njiani hakuna wa kumlalamikia.

Kupanda ndege au kubaki kazini

Hili ni swali la moyo, sitakuamulia. Nitakupa tu yanayohusu mfuko.

Sheria ya Sweden inampa mwajiriwa haki ya kuondoka kazini kwa dharura ya familia inayotokana na ugonjwa au ajali, pale ambapo uwepo wake unahitajika kabisa na mara moja. Sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa siku hizo. Lakini mikataba ya pamoja mingi inatoa siku chache zenye malipo kwa msiba wa ndugu wa karibu, kwa hiyo kama uko Byggnads au Fastighets, piga simu kwenye chama kabla ya kumwambia mwajiri "naacha". Aliyeko kwa kibali cha kazi awe makini zaidi: wakati wa kuongeza kibali, Migrationsverket wanaangalia mshahara wako wa kipindi kilichopita, na miezi miwili bila malipo itaonekana. Uliza kwanza, ondoka ukiwa na karatasi.

Nauli ya Desemba kwenda Kilimanjaro inaweza kupita krona 10,000. Kama kuna maiti ya kuzika, au mtoto amebaki bila mtu, hiyo ni hesabu moja. Kama walio hai wako salama na kuna kaka Arusha anayeweza kufika kesho, nauli hiyo ni kodi ya mwaka na zaidi.

Bima ya nyumba unayolipia hapa Hallunda, hemförsäkring, kwa kawaida ina kinga ya safari kwa siku 45 za mwanzo. Itakusaidia wewe ukiugua huko. Nyumba ya mama haimo, hata kama wewe ndiye uliyeijenga. Gävle, Agosti 2021, ilinyesha zaidi ya milimita 160 ndani ya siku moja, vyumba vya chini ya nyumba vikajaa, na wenye nyumba wakapiga simu kwa kampuni zao za bima. Kwetu bima ya nyumba ipo, kampuni zinasimamiwa na TIRA, lakini wachache wanaikata. Ukiulizia, usitosheke na "ni bima ya nyumba". Uliza kama mafuriko na maporomoko ya ardhi yamo ndani au yanaongezwa kwa malipo mengine, na kama nyumba ya tofali ulipo inakubalika. Omba jibu kwa maandishi.

Kiwanja kinachoonekana kizuri Julai

Siku zile za Hanang kulikuwa na uvumi kwamba volkano imelipuka. Wataalamu walikanusha. Hanang ni volkano ya zamani, ndiyo, lakini kilichotokea ni miamba dhaifu ya mlimani kunyonya maji mengi mpaka ikashindwa kujishika, na tope likafuata njia za maji. Mai Mahiu nako maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, njia yake ya kupitia ikiwa imeziba, mpaka yakapasua. Maji yanafuata njia iliyopo. Nyumba iliyo kwenye njia hiyo iko kwenye njia hiyo hata kama miaka 20 imepita bila tone.

Sasa fikiria sisi tunanunua viwanja lini. Likizo ya wajenzi wa Sweden ni Julai. Kiangazi, vumbi, anga safi. Dalali anakuonyesha eneo tambarare, karibu na barabara, bei nzuri, pembeni kuna mchanga mweupe msafi ambao hata utakusaidia kwenye ujenzi. Ule mchanga uliletwa na maji. Lile korongo dogo ambalo watoto wanacheza mpira ndani yake ni mto uliolala.

Kabla ya kulipa, mpe kijana unayemwamini nauli na vocha, aende kwenye kiwanja hicho mvua ikiwa inanyesha, Aprili au wakati wa vuli, akupigie video. Aanze barabarani, azunguke mipaka yote, aonyeshe maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Amtafute mzee wa pale, aliyezaliwa pale, amuulize maji ya mwaka wa El Niño wa 1997 yalifika wapi. Aangalie kuta za nyumba za jirani kama zina alama ya unyevu iliyonyooka kama mstari wa rula, na kwenye kiwanja kilicho chini ya mlima aangalie kama kuna mawe makubwa yaliyokaa peke yake shambani, maana hayo hayakuota hapo. Kazi hii itakugharimu labda krona 200 au 300. Dalali akikuharakisha, akisema kuna mteja mwingine anatoka Uingereza na hela mkononi, mwache huyo wa Uingereza anunue.

Kwa wale ambao wameshajenga na wakitazama video wanagundua nyumba iko kwenye njia ya maji: krona zile 7,000 za mfano wetu zinaweza kuanza kufanya kazi kabla ya maafa. Mtaro wa mawe, ukuta wa kuzuia udongo, miti upande wa juu. Muulizeni mhandisi wa halmashauri kwanza, kwa sababu ukuta uliojengwa vibaya unayageuzia maji kwa jirani. Na kama mvua kubwa imetangazwa, mama alale kwa dada yake Babati wiki hizo mbili. Nauli ya kwenda na kurudi unaituma kwa dakika moja, na namba ya dharura ya maafa Tanzania, 190, iandikwe kwa kalamu nene mlangoni kwake, kwa sababu simu ya mkwe huzimika chaji kila usiku.